Wembe wa nkambo, na mkanda wa ngozi wa kuanza nao

Kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi:

"Yambo yaya. Nkambo wangu alifanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi, tangu mji ukiitwa Élisabethville. Alituachia wembe wa kukunja wenye mpini mweusi, na kwenye chuma pameandikwa Solingen Germany. Una madoa ya kutu, na karibu na ncha makali yamemeguka kidogo. Ndani ya kopo lake kuna pia kijiwe, upande mmoja manjano, upande wa pili cheusi. Nataka nianze kunyolea wembe huo, lakini mkanda wa ngozi wa kuupitishia makali kabla ya kunyoa hatuna. Rafiki yangu amenionyesha kwenye simu mkanda wa ngozi ya farasi, karibu dola mia moja. Fundi viatu wa soko la Kenya, hapahapa mjini, anasema atanikatia wa ng'ombe kwa bei ndogo sana. Nichukue upi? Nianzie wapi? Na kaka yangu naye anataka kuutumia wembe huo, inafaa?"

Yambo mdogo wangu. Chukua wa fundi viatu, lakini kwanza uikague ngozi yake kama nitakavyokueleza. Katika hela utakayookoa, toa sehemu umlipe mtu anayejua kunoa wembe akutilie makali ya kwanza. Mkanda wa farasi ni mzuri kweli, ila wakati wake bado. Mkanda wa kwanza wa kila anayeanza hukatwa. Mkono ukiwa haujazoea kugeuza wembe, makali hugusa ngozi kabla ya mgongo, na papo hapo mkanda una chanjo, yaani mkato. Chanjo ndogo unaweza kuisugua kwa msasa laini ukaendelea. Ikiwa ndefu, mkanda umekwisha. Kwa nini iwe juu ya ngozi ya dola mia?

Kabla ya mkanda, wembe wenyewe. Solingen ni mji wa Ujerumani ulioishi kwa visu, panga na nyembe kwa karne nyingi, na kuanzia 1938 jina hilo linalindwa na sheria: chuma ambacho hakikutengenezwa huko hakiruhusiwi kuandikwa Solingen. Neno Germany nalo linakupa fununu ya umri. Marekani ilipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890 iliyodai kila bidhaa ya kigeni iandikwe nchi ilikotoka, ndipo viwanda vya Ulaya vikaanza kugonga majina ya nchi kwenye shina la wembe, ile sehemu ya chuma iliyo kati ya makali na mpini. Kwa hiyo wa nkambo wako yaelekea ni wa baada ya hapo. Usikusumbue ukisikia watu wakisifia wa Sheffield kule Uingereza, au wa Thiers kule Ufaransa, au wa Eskilstuna kule Sweden. Yote ni miji yenye heshima katika kazi hii. Wembe wa Solingen wenye chuma kizima utakunyoa vizuri kuliko wa Sheffield uliopasuka.

Uzima ndio wa kuangalia. Ukae dirishani asubuhi, mwanga ukiwa mkali, uufungue wembe na uelekeze makali juu, yakutazame. Makali yaliyo sawa hayaonekani: utaona mstari mweusi tu usio na upana. Mahali palipobutuka au palipomeguka patameta, kidoti kidogo cheupe kinachokonyeza ukiusogeza wembe. Hesabu vidoti hivyo na uangalie vilipo. Halafu ulaze ubavu wa wembe kwenye kioo au kigae kilichonyooka. Mgongo na makali vyote viwili viguse, toka kisiginoni, yaani mwisho wa makali ulio karibu na shina, mpaka nchani. Ukicheza kama meza yenye mguu mfupi, chuma kimepinda. Tazama pia kama makali yamejaa katikati kidogo au yamenyooka. Hizo hali mbili ni nzuri. Yakiwa yamebonyea katikati, mtu aliwahi kuunoa vibaya na kazi ya kuunyoosha ni ndefu. Mwisho, ushike shina kwa vidole viwili na uugonge mgongo taratibu kwa ukucha. Chuma kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Wenye ufa usiunyolee hata siku moja, hata kama ufa ni mwembamba kama unywele, kwa sababu unaweza kukatika shavuni.

Kutu iliyo ubavuni au mgongoni ni doa tu. Iondoe kwa kitambaa na mafuta ya cherehani, taratibu, ukisugua kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, kamwe usisugue kuyafuata makali kwa urefu, maana hivyo ndivyo vidole vinavyokatwa. Kutu iliyofika kwenye makali ni habari nyingine. Ikiwa imechimba vishimo, kila ukinoa unakutana na kishimo kipya na makali yanabomoka. Hapo mnoaji atalazimika kula chuma mpaka apate sehemu safi. Nyembe nyingi za zamani zina upana wa milimita 16 hivi, yaani inchi tano kwa nane, kwa hiyo kupoteza milimita moja si msiba. Hilo pengo la karibu na ncha naamini litatoka kwa jiwe, ikiwa halikuzama sana.

Mpini mweusi una jambo lake. Unaweza kuwa pembe, unaweza kuwa bakelaiti, unaweza kuwa selulodi, zote mbili plastiki za zamani. Usugue haraka kwa kidole gumba mpaka upate joto, kisha unuse. Ukinusa kafuri, ni selulodi. Selulodi ikizeeka hutoa mvuke unaokula chuma, na mara nyingi kutu ya namna hiyo huanzia ndani, pale wembe unapolala ukiwa umekunjwa. Usiufungie tena ndani ya kopo, uache upumue. Na usiuweke karibu na mbabula, lile jiko la makaa, kwa sababu selulodi hushika moto upesi mno.

Nakuomba jambo moja kwa moyo wote: usiupeleke wembe huu kwa wanoa visu wenye jiwe la kuzunguka, liwe la umeme au la kukanyaga kwa mguu. Wembe ni mwembamba mno kwenye makali. Jiwe likizunguka linaupasha moto kwa sekunde chache, na chuma kikifika rangi ya buluu, karibu nyuzi 300, ugumu wake umeondoka. Kitu kilichodumu tangu enzi za nkambo kinaharibika ukiwa umesimama unatazama. Wembe hunolewa kwa mkono, kwenye jiwe bapa, umelazwa mgongo na makali kwa pamoja. Mgongo wenyewe ndio unaoweka pembe, ndiyo maana waliotengeneza waliufanya mnene vile. Mnoaji huanza na jiwe la namba 1000 kujenga makali (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi), akapanda 4000, akapanda 8000, wengine hufika 12000. Tafuta kinyozi mzee aliyefanya kazi kabla ya nyembe za kubadilisha kuenea. Bado wapo, na wanafurahi kuulizwa.

Sasa kile kijiwe. Uliposema manjano upande mmoja na cheusi upande wa pili, nilifurahi sana, kwa sababu nadhani najua ni nini. Kule Ubelgiji, milima ya Ardennes, karibu na mji wa Vielsalm, kuna tabaka jembamba la mwamba wa manjano ambalo limechimbwa kwa karne nyingi kwa ajili ya nyembe. Wanaliita coticule. Ndani yake mna chembe ndogondogo za garnet, jiwe gumu kuliko chuma cha wembe, na ndizo zinazonoa. Kwa kuwa tabaka ni jembamba na huvunjika, hubandikwa juu ya kipande cha mwamba mweusi. Kufika huku kwetu Katanga lisingekuwa ajabu, ukikumbuka Union Minière ilikuwa kampuni ya Wabelgiji. Kama ndilo, ni mali. Upande wa kunolea ni wa manjano. Hutumika kwa maji peke yake, mafuta hapana. Ukisugua juu yake kipande kidogo cha jiwe lilelile unapata tope la maziwamaziwa linalokula chuma haraka, na ukiendelea kuongeza maji tope linapungua na makali yanalainika. Jiwe moja linafanya kazi ya mawe matatu. Lakini wewe usilitumie sasa. Lioshe kwa sabuni, likauke kivulini, na ulibebe siku utakayompelekea mnoaji wembe. Akiona uso wake umebonyea atausawazisha kwanza.

Haya, twende kwa fundi viatu.

Kwanza ujue mkanda unafanya nini. Jiwe linaondoa chuma, mkanda unanyoosha na kung'arisha. Kila ukinyoa, ncha ya makali, ambayo ni nyembamba kuliko jicho linavyoweza kuona, inapindapinda ikikutana na ndevu. Na ndevu kavu ni ngumu kweli. Ngozi inairudisha kwenye mstari. Ndiyo sababu mkanda unatumika kila siku kabla ya kunyoa, wakati jiwe linaweza kungoja miezi. Ukiniuliza kipi kinaamua kama kijana atadumu na wembe wa kukunja au atauweka kabatini baada ya mwezi, nitakujibu mkanda. Wengi wanaosema wembe wao hautoki makali vizuri, wembe hauna kosa. Wao ndio wanaoyafanya makali yawe duara kwenye ngozi iliyolegea.

Kwa fundi, omba akuonyeshe ngozi pale ilipokatwa, ubavuni, si usoni. Ngozi iliyotengenezwa kwa magamba ya miti ni ya kahawia toka juu mpaka chini. Ile iliyotengenezwa kwa dawa ya kromu, ambayo ndiyo ya sehemu ya juu ya viatu vingi, katikati huwa na rangi ya kijivubuluu hata kama usoni imepakwa nyeusi au nyekundu. Unayoitaka ni ya kwanza. Ya kromu ni laini, inavutika, na baada ya wiki chache mkanda unakuwa na tumbo. Kisha dondosha tone moja la maji pembeni, mahali ambapo hapatakuwa mkanda. Likizama na kuacha doa la giza, uso uko wazi. Likikaa juu limejiviringa, ngozi imepakwa plastiki, na juu ya plastiki wembe unateleza tu bila kushikwa. Jihadhari pia na mikanda ya suruali ya sokoni. Mingi ni vumbi la ngozi lililogandishwa kwa gundi, nyuma yake kumenyooka kama kitambaa, na ukiikunja inapasuka mistari.

Ngozi ya soli ni ya magamba ya miti na fundi hakosi kuwa nayo, ila ni nene na haikubali kuning'inizwa. Ukiipata nyembamba kiasi, inaweza kubandikwa kwenye ubao ulionyooka ukapata mkanda wa ubao. Kwa anayeanza, ubao una faida kubwa: haulegei. Ubaya wake ni ufupi, na unazoea kubonyeza. Mimi ningekushauri uning'inize, mradi upate ngozi ya ng'ombe ya milimita 2 na nusu mpaka 3, uso laini usio na kovu la kupe wala la chapa. Ikague kwa kuipitishia ncha za vidole ukiwa umefumba macho, kwa sababu kovu ambalo jicho halilioni kidole kitalikuta, na makali pia.

Urefu: sentimita 45 mpaka 50 za kutumia, mbali na sehemu ya kushikia na ya kufungia. Upana hapa ndipo watu wanabishana. Chuma cha wembe kina urefu wa sentimita 7 hivi. Mkanda wa sentimita 7 na nusu unaubeba wembe mzima, unakwenda moja kwa moja na kurudi. Mkanda wa sita na nusu au pungufu unakulazimu kuuvuta kwa mshazari ili kisigino na ncha vyote vipate zamu. Wazee wengi walikuwa na mikanda membamba na makali yao yalikuwa safi, kwa hiyo mshazari si adhabu. Lakini wewe fundi anakukatia mpya, mwambie saba na nusu. Pande zote mbili zikatwe kwa mstari mnyoofu, juu atoboe na kutia pete ya chuma, chini ashone tabaka mbili za kushikia. Asiipake rangi ya viatu. Mwambie mara mbili, kwa sababu mkono wake umezoea kumalizia kazi kwa rangi.

Pamoja na ngozi unahitaji kitambaa. Mikanda ya dukani huwa na kitani au turubai nyuma. Jinzi ya pamba tupu, iliyofuliwa mara nyingi, inafanya kazi hiyo vizuri kabisa. Kata kipande chenye vipimo sawasawa na vya ngozi, pindo zishonwe nje ya njia ya wembe. Kitambaa kinasafisha na kupasha joto, ngozi inamalizia.

Kuhusu farasi: ngozi yake, hasa ile ya sehemu ya matako, ina nyuzi zilizobanana sana. Wembe unapita juu yake karibu bila kuvutwa. Ng'ombe inavuta kidogo, unasikia mkononi kwamba inafanya kazi. Kuna wanaopenda kuvutwa na kuna wanaopenda utelezi, na huwezi kujua wewe ni yupi kabla ya kutumia mmoja. Hiyo nayo ni sababu ya kungoja.

Mkono wako ujifunze kwa kisu butu cha kupakia siagi kabla ya wembe. Tundika mkanda kwenye ndoano imara, usawa wa kitovu, uvute mpaka unyooke kabisa bila kuuchuna. Laza kisu, mgongo na makali vyote vikigusa. Kwenda, mgongo unatangulia na makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho, unakizungusha kisu juu ya mgongo wake, vidole vikivingirisha shina, huku mgongo haujaondoka kwenye ngozi. Kisha unarudi, mgongo tena mbele. Makali hayatangulii kamwe, na hayageuzwi kuelekea ngozi. Usibonyeze: uzito wa wembe unatosha. Na usikimbie. Ile kasi ya vinyozi wa zamani, tap-tap-tap, ilikuja yenyewe baada ya miaka. Anza polepole mpaka usikie sauti moja ileile kwenda na kurudi. Sauti ikibadilika upande mmoja, ujue umeinua mgongo au mkanda umelegea.

Ukihamia wembe wenyewe, pita mara 30 kwenye kitambaa, 50 kwenye ngozi, kila asubuhi ya kunyoa. Kwenda na kurudi ni mara moja. Baada ya kunyoa, ukishaukausha, mara kumi kwenye kitambaa zinatoa unyevu uliobaki kwenye makali. Ngozi yenyewe ipanguse kwa kiganja kikavu kabla ya kila kazi. Mafuta kidogo ya kiganja ndiyo chakula chake, na kiganja kinaondoa vumbi. Kwa hapa kwetu hilo vumbi si dogo. Kuanzia Mei mpaka Septemba vumbi jekundu linaingia kila mahali, na chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye ngozi inameng'enya makali uliyoyalipia. Viringisha mkanda ndani ya kitambaa safi, au uutundike ndani ya kabati. Mawese usipake, yanachacha na kuunatisha. Mvua zikirudi mnamo Novemba, shida inahamia kwenye wembe: chuma hiki si cha kutoshika kutu, kinashika doa ndani ya saa moja kikiachwa na maji. Kausha, paka mafuta ya cherehani mepesi, na usiuache bafuni.

Dawa ile ya kijani, oksidi ya kromu, utaiona inauzwa kwa ajili ya mikanda. Inakula chuma kidogo na inarudisha makali yaliyochoka, lakini ikishapakwa haitoki. Ikiwa utaitaka baadaye, paka kwenye kipande kingine cha jinzi, mbali na mkanda wako wa kila siku. Dawa ya meno na dawa ya kung'arisha shaba achana nazo kabisa.

Kunyoa kwenyewe nitakuambia machache, kwa sababu mkono utakufundisha mengine. Wiki za mwanzo nyoa mashavu tu, kidevu na shingo maliza kwa kile ulichozoea. Osha uso kwa maji ya moto dakika mbili tatu, povu liwe zito, wembe uinamishe nyuzi 30 hivi juu ya ngozi, ufuate ndevu zinakoelekea. Usinyoe kinyume. Sisi wenye ndevu za kujikunja, unywele uliokatwa chini ya ngozi unarudi ndani na kuleta vipele. Wembe wa makali moja unasaidia wengi kuliko ule wa plastiki wenye nyembe tatu, lakini ikiwa shingo yako imejaa vipele tayari, mashine inayoacha milimita moja ni bora kwako, na wembe uubakize kwa mashavu.

Makali yakianza kuvuta ndevu hata baada ya mkanda, hesabu yake ni miezi kadhaa kwa anayenyoa mara mbili tatu kwa wiki, rudi kwa mnoaji. Hapo ndipo umwombe akufundishe lile jiwe la manjano.

Kaka yako asiutumie. Hapa sina namna ya kulainisha neno. Wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana, na homa ya ini aina ya B, aina ya C, hata virusi vya ukimwi, hupita kwa damu. Kuchemsha kutaua mpini, javel, ile dawa ya klorini ya kufulia, itakila chuma, na spiriti ya asilimia 70, ambayo wewe utaitumia kuusafisha kabla ya mara ya kwanza, haitoshi kuufanya wembe wa watu wawili. Mkanda nao uwe wako peke yako. Mnunulie kaka mpini wa wembe unaotiwa nusu ya wembe mdogo inayotupwa kila baada ya kunyoa, kama ule wa vinyozi wa mjini. Hauhitaji mkanda wala jiwe, na akiupenda, mtafutieni wa kwake wa zamani.